Msitu wa Kware wa Verlene

Verlene Gadsden aliogopa moto tangu utotoni, na hakuona haya kusema hivyo. Lakini msitu wa misonobari alioachiwa na mumewe, ekari themanini kusini mwa Georgia, hutaka kuchomwa majani ya chini kila Machi. Usipochomwa, vichaka husonga, kware huhama, na wawindaji wanaolipa ili waje kuwawinda hutafuta kwingine. Bila wao kodi ya ardhi hailipiki. Mwenye kiwanda cha mbao alikwisha kupita mara mbili kutoa pole, macho yake juu ya miti. Mtu mzima hana haya!

Aliyekuwa akichoma ni mumewe, Lucius. Sasa Lucius yuko kaburini, na kopo lake la kudondoshea mafuta yanayowaka limeshikwa na mdogo wake, Cleophus.

"Shemeji, umeikamata hiyo reki utadhani unakwenda kumpiga mtu."

"Nikikupiga wewe utanyamaza? Washa, tumalize."

"Kumbuka tu maneno ya Lucius. Ukizidiwa, usikimbilie majani mabichi. Ingia penye weusi, palipokwisha kuungua."

"Najua, bwana!"

Alijua kwa masikio tu. Upepo ulipogeuka, moto uliokuwa ukitambaa kwa adabu uliinuka hadi kiunoni, ukamjia. Nyuma yake kulikuwa na vichaka vibichi, vyenye kivuli, na mwili wake wote ukavitamani. Akatupa reki, akatimua mbio.

"Shemejiii! Siyo huko! Utakufa! Rudi weusini!"

Alisimama, roho mkononi. Kurudi weusini maana yake kuuruka moto wenyewe, pale ulipokuwa mwembamba. Akajifunika uso kwa koti, akaruka huku akipiga kelele. Akatua kwenye majivu ya moto, nyusi zimeungua, mzima. Alipogeuka, vile vichaka alivyovikimbilia vilikuwa vinawaka vyote.

Moto ulifia kwenye mkuza, ukanda wa udongo mtupu uliolimwa kwa trekta ili kuuzuia. Upepo ukatulia. Upande wa msitu ulio karibu na kijito ulikuwa bado haujachomwa.

"Tuuache mpaka mwakani," Cleophus alisema.

"Mwakani kware watakuwa kwa jirani. Lete kopo." Akalipokea kwa mikono miwili. "Naogopa, Cleophus."

"Lucius naye aliogopa. Kila mwaka, kabla ya kuwasha, alikwenda nyuma ya gari akatapika."

Miaka thelathini Verlene aliamini kilichomtapisha ni mayai aliyompikia asubuhi. Alilia kidogo, akafuta pua kwa mkono wa koti, kisha akaliinamisha kopo juu ya majani makavu.