Gaspari Yupi?

Enzi zetu, wenzangu mliozaliwa bendera ya Mjerumani ikipepea bomani Morogoro, mtoto alikuwa mtu wa kazi. Nayasema haya kwa sababu wajukuu zetu wakitumwa kuni wanataka kwanza waelezwe ni za nini. Sisi kule milimani, juu ya misheni, tuliamka ukungu ukiwa bado umelala migombani, tukateremka mtoni miguu ikiuma kwa baridi, tukarudi na mitungi, ndipo tukapewa viazi vilivyobaki kwenye majivu. Kisha shule. Huko tulisimama mbele ya picha ya Kaizari, masharubu yamepinda juu kama pembe za mbuzi, tukamwimbia wimbo wa Kijerumani ambao hatukujua hata neno moja lina maana gani. Padri alifurahi sana. Jioni tuliambua magome ya migomba, tukayakalia na kuteleza mteremko mzima mpaka kwenye njegere za bibi yangu, naye akatoka na fimbo: "Mnadhani njegere zinapaliliwa kwa matako?"

Mengine ya enzi hizo hayachekeshi, na hayo ndiyo wenzangu waliyoyasahau. Kila Jumapili baada ya misa nawasikia nje ya kanisa. Mjerumani alikuwa mkali lakini wa haki. Wakati wa Mjerumani hapakuwa na mwizi. Wanayasema watu ambao baba zao walilazwa kifudifudi wakachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kuchelewa kazi ya barabara. Mmoja aliisifia barabara hiyo mpaka machozi yakamlenga. Baba yake aliichimba, na mgongo wake haukunyooka tena mpaka tunamzika.

Ya barabara nawaachia. Nataka kueleza habari za mjomba wangu Gaspari.

Alikuwa kitinda mimba wa bibi, mdogo wake mama. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto, baba ni mgeni wa heshima, kwa hiyo Gaspari alikuwa wetu kabisa. Alitufundisha kunasa ndege kwa ulimbo. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na aliogopa konokono. Ukimwekea mmoja kwenye mkeka alikimbia mpaka uani. Aliyempenda kuliko sisi sote ni Bernadi, rika langu, mtoto wa jumbe aliyekisimamia kijiji kwa niaba ya serikali. Bernadi alikula kwetu kuliko kwao, na Gaspari alimbeba mabegani kama mpwa wake wa damu.

Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipotufikia, askari walipanda milimani kutafuta wapagazi. Wanaume wakakimbilia msituni. Gaspari alijificha kwenye pango juu ya kijito, na bibi alinituma nimpelekee chakula nimekificha ndani ya kikapu cha majani. Bernadi alinifuata kila nilipokwenda.

Asubuhi moja jumbe mwenyewe aliwaongoza askari moja kwa moja mpaka pangoni. Gaspari alipitishwa mbele ya nyumba yetu, kamba shingoni, amefungwa pamoja na wengine, sanduku la risasi kichwani. Bibi alimkimbilia na kipande cha muhogo, askari akamsukuma akaanguka. Gaspari akasema, "Mama, rudi ndani, kuna baridi." Wakashuka kuelekea Kisaki. Hakurudi, wala hatukuambiwa alifia wapi.

Kesho yake Bernadi alikuja kwetu, miguu imejaa alama za fimbo. Baba yake alikuwa amempiga mpaka akataja pango. Alilia, kamasi zikamtiririka. Mama alitaka kumfukuza, bibi akamzuia. "Huyu kapigwa," alisema. "Mwacheni ale." Akampa viazi, naye akala huku analia.

Sasa, mwezi uliopita, Bernadi alimwoza mjukuu wake. Ni mzee wa kanisa siku hizi, ana tumbo na koti. Alisimama mbele ya vijana, waliokuwa wakimsikiliza nusu nusu kama kawaida yao, macho kwenye wali, akawasimulia jinsi rika letu lilivyokuwa na utii. "Hata vita vilipokuja," alisema, "wanaume wa hapa walijitolea kubeba mizigo. Waliondoka wakiimba."

Nikamwuliza kutoka nilipokaa, "Bernadi, na Gaspari aliondoka akiimba?"

"Gaspari yupi?"

Nilimtazama usoni nitafute uongo. Angekuwa anadanganya ningemdharau tu, nikaendelea kula. Hakuwa anadanganya. Mtu huyu anakumbuka jina la mbwa wa sajini wa Kijerumani. Anakumbuka kofia nyekundu ambayo baba yake alipewa baada ya ile kazi. Gaspari ndiye hayumo. "Anastazia tangu utotoni ana maneno," akawaambia watu akininyooshea kidole, nao wakacheka, ngoma ikaanza, wakacheza vizuri sana.

Watu husema tunasahau kwa sababu ya uzee. Si kweli. Bernadi alitwishwa mzigo akiwa mdogo mno, akautua, na mwili ukamnawiri. Hilo naweza kulielewa. Ninalolidharau ni kwamba mahali alipoutua ameweka wimbo. Na wale wa nje ya kanisa wamefanya vivyo hivyo, kila mmoja na wa kwake, kisha wanatufundisha adabu. Mimi mwenyewe sura ya Gaspari imeshanitoka. Nimebaki na sauti yake na miguu yake mirefu ikikimbia konokono. Lakini sijaweka sura nyingine mahali pake.

Nilipoaga, Veronika, mjukuu mwingine wa Bernadi, anayesoma mjini, alinisindikiza. Amevaa viatu visivyofaa mlimani, na shikamoo yake ni ya haraka kama mtu anayefukuza nzi. Njiani aliuliza, "Bibi, huyo Gaspari alikuwa nani?"

Nikamweleza yote, na babu yake nikamtaja. Akavua viatu, akavishika mkononi. Nikadhani amechoka kusikiliza, maana hawa huchoka upesi.

"Alikuwa na watoto?" aliuliza.

"Hakuwahi kuoa."

"Pole, bibi."

Enzi zetu mtoto hakuthubutu kumwuliza mkubwa jambo la aina hiyo. Angezabwa kofi, nasi tuliita hayo malezi. Tulilelewa vizuri mno. Tangu Gaspari apitishwe na kamba mbele ya mlango wetu, watu wa nyumba ya jumbe wamekula kwetu, wameoa kwetu, wametuzikia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitamka neno hilo la pole. Limetamkwa na kasichana kasikojua kuteka maji.