Nane Iliyolala

Mtu akikwambia kwamba Twalibu Shamsi, mpiga picha wa Kasulu, alikuwa mwoga, usimkubalie upesi. Huyu ndiye aliyepiga picha za harusi kule Manyovu siku nyuki walipotimuka, bwana harusi kajificha uvunguni mwa lori na shemeji zake wote, yeye kasimama pale pale anamwomba bibi harusi ainue kidevu kidogo. Lakini mwaka 2013, akiwa na miaka hamsini na sita, Twalibu aliingiwa na hofu ambayo hakumwambia mtu, hata mkewe Mwajabu aliyeishi naye miaka thelathini. Alidhani anapofuka.

Hofu hiyo ilikuwa na asili. Baba yake, mzee Shamsi, alikuwa fundi cherehani, na macho yalimzimika akiwa na umri huo huo. Yalianza na vya mbali. Kwanza mlima, kisha mtu wa ng'ambo ya barabara, kisha tundu la sindano, na mwishowe Twalibu ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka msikitini na kumrudisha. Mtoto akishamwongoza baba yake namna hiyo hasahau.

Sasa, mambo yenyewe yalianza na zawadi. Kwa miaka mingi Twalibu alifanya kazi na kamera ya filamu aliyoinunua mwaka 1984. Filamu alizituma Kigoma kwa basi Jumatatu, picha zikarudi Ijumaa. Mwaka 2012 duka la Kigoma likazima mashine yake ya kusafishia, na kamera ikabaki kuning'inia msumarini. Binti yake Zuhra, mwalimu wa sekondari huko Kibondo, akamwonea huruma. Alipata kwa mtu wa Dar es Salaam kamera ya digitali ambayo lenzi yake ilikuwa imeanguka na kuvunjika. Akasoma kwenye mtandao kwamba lenzi ya zamani inaweza kuvaa kamera mpya ukiweka pete ya chuma katikati. Akanunua kamera, akanunua na pete, akatuma vyote kwa basi.

Twalibu alifurahi kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Lenzi yake aliipenda kuliko kamera yenyewe. Ilikuwa nzito, ya chuma na kioo, namba zake zimefifia kwa jasho la vidole vyake. Aliifunga kwenye pete, pete kwenye kamera, ikashika. Na picha za paspoti za mwezi wa kwanza zilikuwa za ajabu. Kope za mtu ulizihesabu. Watu walianza kuja kutoka Rungwe Mpya kupigwa sura, wengine hata hawana fomu ya kubandika hiyo picha.

Kisha ikaja komunyo ya kwanza ya binti wa Longinus, mkulima wa huko huko Rungwe Mpya. Ndugu arobaini walipangwa mbele ya ukuta wa nyumba, jua la saa sita kichwani. Hapa inabidi nieleze ufundi wa Twalibu, maana ndio uliomponza. Kwenye lenzi kuna mzingo wa namba za mwanga, na kwenye jua kali yeye aliupeleka kumi na moja, tundu libane. Na kuna mzingo wa umbali, ambao mwisho wake una alama ya nane iliyolala, yaani mbali kusikokoma. Kwa kundi la watu waliosimama mbali Twalibu aliuzungusha mpaka mwisho, kwenye hiyo nane, bila kuangalia, huku anatania wazee. Miaka thelathini aliringa kwa jambo hilo. Wenzake walichungulia na kukunja nyuso, yeye vidole vilijua.

Basi siku hiyo akazungusha, akaweka jicho, akakuta giza.

Akatoa jicho. Jua lile lile, kuku wanatembea. Akarudisha jicho, giza. Watu arobaini wamesimama kwenye utusitusi utadhani jioni imeingia. Alipiga picha moja tu, kama zamani alipokuwa akibania filamu, na kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ilionekana nzuri. Lakini ilipotoka kwa yule wa steshenari anayemchapia, Twalibu alikaa chini. Watu wote walikuwa kama wamepigwa ndani ya mvuke wa sufuria.

Longinus alikuja kuchukua picha yake asubuhi. Ni mtu mpole sana.

"Mwakeye, mzee Twalibu," alisalimia kwa Kiha, akaishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Picha ni nzuri. Ni nzuri sana. Sasa mimi ni yupi?"

Kuanzia hapo akili ya Twalibu haikutulia. Alianza kujipima. Alisimama mlangoni mwa studio akasoma kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara, akakisoma chote mpaka namba ya simu. Akafurahi. Halafu akakumbuka kwamba kibao hicho alikuwepo kinapochorwa, na namba ya simu anaijua kwa kichwa. Akajaribu kusoma majina ya mabasi yanapokuja kutoka mbali. Akayasoma. Lakini mabasi ya Kasulu nani asiyeyajua, hata kwa honi? Akageukia milima. Ilikuwa Septemba, watu wanachoma mashamba, na moshi umetanda kote.

"Mama Zuhra," alisema siku moja kama mtu wa mzaha, "unauona ule mti kule juu?"

"Mti upi?" alisema Mwajabu. "Si moshi mtupu ule?"

Jibu hilo likamchanganya zaidi. Ina maana Mwajabu naye haoni, au hakuna cha kuonwa? Akafumba jicho la kushoto, akafumba la kulia, akayafumba yote mawili kwa bahati mbaya. Wapita njia walimwona fundi picha anakonyezakonyeza mlima, wakaenda zao. Bila kamera aliona. Kwenye kamera vya mbali vikawa giza na ukungu, na vya karibu vikawa safi. Vya karibu safi, vya mbali vimezama: ndivyo mzee Shamsi alivyoanza. Alilala na hesabu hiyo na kuamka nayo, na kila asubuhi jibu lilikuwa lile lile.

Akaanza kukataa kazi za nje. Harusi ya Munanila akaikataa, akasingizia mgongo. Na ndipo alipoanza kumwangalia mkewe.

Unajua, mtu huyu alikuwa amepiga nusu ya Kasulu, waliozaliwa na waliokufa, lakini nyumbani kwake kulikuwa na picha moja tu ya Mwajabu, ya siku ya ndoa, na hata hiyo kakunja uso. Twalibu alijiambia: kama taa inazimika, niweke akiba. Kila jioni, wakati wa chai, badala ya kuelekeza uso kwenye redio kama alivyofanya miaka yote, alielekeza kwa Mwajabu. Alikariri kovu dogo la kidevuni, vidole vinavyochambua maharage, namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo la kukera. Alipenda alichokiona, na jambo hilo lilimuuma, kwa sababu lilikuwa pale siku zote.

Wiki ya tatu aligundua kitu kikamvunja nguvu. Kingo za macho ya Mwajabu zilikuwa zimeanza kuonekana nyeusi. Hazikuwa hivyo mwanzo. Twalibu akajua kwamba ugonjwa umetoka mbali na sasa umefika hadi kwa watu wa karibu.

"Nina nini usoni?" Mwajabu aliuliza.

"Huna kitu."

"Mbona unaniangalia?"

"Sikuangalii," alisema Twalibu, akazidi kumwangalia.

Oktoba Zuhra alipiga simu. Mahafali ya kidato cha nne yalikuwa Jumamosi, na alitaka baba yake apige picha ya wanafunzi wote sitini na wawili mbele ya shule.

"Mgongo, mwanangu," alisema Twalibu.

"Baba, hukuombwa kubeba shule. Nimeshamwambia mkuu wa shule unakuja."

Twalibu akawaza. Kibondo kuna hospitali, na Kibondo hakuna atakayemwona akitoka chumba cha macho na kuipeleka habari sokoni Kasulu. Akavaa shati lake jipya, akatia kamera kwenye mkoba. Mwajabu alimtazama mpaka alipofika barabarani.

"Kibondo," alisema tu.

Muuguzi wa macho aliitwa Herieth, mama wa Upareni aliyehamishiwa huko miaka miwili nyuma, mchangamfu, asiyependa kupoteza muda. Alimkalisha Twalibu, akamwonyesha herufi ukutani. Twalibu akazisoma mpaka mstari wa mwisho, kwa jicho moja moja. Herieth akampima presha ya macho, akammulika kwa tochi ndogo, akazima.

"Macho yako mazima, baba. Kwa kusomea utahitaji miwani, basi."

Wewe na mimi tungeshukuru tukaondoka. Twalibu alikaa pale pale.

"Angalia tena," alisema. "Baba yangu alipofuka. Nami naona giza."

"Giza wapi?"

"Humu." Akatoa kamera mkobani. "Nikiangalia humu vya mbali ni giza na ukungu. Miezi miwili sasa."

Herieth akaipokea, akatoka nayo barazani, akaielekeza getini. Akatoa jicho, akarudisha.

"Mbona hata mimi naona giza?"

Twalibu akamgeukia kwa huruma ya kweli. "Pole sana, mwanangu," alisema. "Lilikuanza lini?"

Herieth alicheka mpaka wagonjwa wakainuka kwenye benchi. Huku anacheka vidole vyake vilikuwa kwenye mzingo wa namba, akauzungusha tu kama mtu anayechezea kifuniko cha chupa. "Hee, nikizungusha hapa panaleta mwanga. Nikirudisha panafunga."

Twalibu akainyakua kamera. Akazungusha mwenyewe. Mbili, namba yake ya studio, mwanga. Kumi na moja, giza. Mbili, mwanga. Ndipo alipoelewa. Kamera yake ya zamani ilikuwa inaiacha lenzi wazi muda wote anaochungulia, na kuifunga kwa kufumba na kufumbua pale tu anapobonyeza. Kwa hiyo miaka thelathini hakuwahi kuliona giza la kumi na moja, alilitumia bila kuliona. Ile pete ilikuwa chuma kitupu isiyojua kazi hiyo, ukifunga tundu linafunga hapo hapo machoni pako.

Na ukungu je? Akaiacha lenzi kwenye mbili, akaelekeza kwenye mti wa ng'ambo ya geti, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake akazungusha mzingo wa umbali kwa kitu cha mbali huku anachungulia kama mwanafunzi. Mti ukasafika, majani yakaonekana. Akaendelea hadi kwenye nane iliyolala, ukapotea. Akarudi nyuma unywele mmoja, ukasafika. Pete ilikuwa imechongwa nyembamba kidogo, lenzi ikakaa ndani mno, na ile nane aliyoiamini kuliko macho yake ilikuwa inapitiliza. Alirudia mara tatu. Kisha akaketi kwenye ngazi ya hospitali, mtu mzima na shati lake jipya, akalia.

Kesho yake shuleni alifanya taratibu. Alifungua lenzi, akachungulia, akasimama kabla ya nane, ndipo akafunga tundu na kubonyeza. Zuhra aliifungua picha kwenye kompyuta, akaikuza. Nyuso sitini na mbili zilikuwa safi, hata wa yule wa mstari wa nyuma aliyefumba macho.

Alirudi Kasulu alasiri, anacheka peke yake njiani. Mwajabu alikuwa amekaa mkekani uani anachambua maharage, redio inasoma habari pembeni yake. Twalibu akavuta kigoda, akamweleza yote: baba yake, giza la Rungwe Mpya, pete, nane, yule muuguzi na "pole sana, mwanangu". Alitegemea acheke. Mwajabu alitoa maharage mawili mabovu, akayatupa.

"Kwa hiyo wiki zote hizi ulikuwa unaniangalia kwa sababu ulidhani unapofuka."

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani unataka kuoa. Ulipovaa shati jipya kwenda Kibondo nikasema ndiyo yenyewe. Kabla ya hapo nilidhani unaumwa, unaniaga." Akavuta pumzi. "Lakini siku nyingine nilikuwa sidhani kitu. Wiki ya tatu nikaenda dukani kwa Asmahani nikanunua wanja."

Twalibu alihisi uso unamwaka. Ule weusi. Aliuona jioni baada ya jioni, akauogopa, akauombea dua uondoke.

"Niliuona," alisema.

"Hukusema."

Akili iliyokuwa imekaa sawa kwa siku moja tu ikavurugika upya, na safari hii hakukuwa na muuguzi wa kumpelekea.

"Sasa umepona," alisema Mwajabu, bila ukali, macho kwenye ungo. "Basi rudi kwenye redio yako. Ila mimi nilikuwa nimeshazoea."

Twalibu akanyoosha mkono akaizima redio, mtangazaji yuko katikati ya sentensi. Akageuza kigoda. Jua lilikuwa upande mzuri, na aliona vizuri kabisa: wanja alikuwa ameupaka hata leo, na kwenye jicho la kushoto ulikuwa umezidi kidogo.