Pampu Niliyoifunga kwa Ubishi

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Mimi ni fundi magari hapa Isevya, Tabora. Mke wangu hajui kama nawaandikia haya.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alinunua gari lenye injini ya rota. Kwenye kadi limeandikwa cc 1300. Nilicheka jamani! Nikamwambia mbele ya mafundi wenzangu, "Shemeji, bodi lote hilo, injini ya kwenda sokoni!"

Hakukasirika. Alichukua chaki akachora pembetatu sakafuni. "Shem, humu hamna pistoni. Zipo rota mbili kama hii. Shafti ikizunguka mara moja, kila rota imeshachoma petroli. Pistoni yako inasubiri shafti izunguke mara mbili. Kwa hiyo hizi 1300 zinakula na kuvuta kama 2600 zako."

"Cc ni cc," nikamkatisha. Miaka yote hii nafungua injini, leo anifundishe yeye, karani wa ofisini!

Pampu yake ya petroli ilipokufa, nikamfungia ya kigari kidogo cha cc 1300. Hakuuliza, aliniamini. Kwa mwendo wa mjini gari lilienda vizuri, nami nikatamba.

Wiki ile ile simu ikaja kutoka Nzega. Mama mkwe amezidiwa, anawaita wanawe. Shemeji akampakia mke wangu wakaondoka mbio. Kwa mwendo ule pampu ikashindwa kuilisha injini petroli ya kutosha; injini ikapata moto, ikanoki, ikagoma kabisa njiani kabla ya kufika Puge. Wakakaa barabarani wanaomba lifti. Walipofika, mama ameshafunikwa shuka. Majirani wakasema alikuwa akiuliza, "Hawajafika tu?"

Nilipoifungua ile injini niliona kosa langu lote. Na bado, Mungu wangu, nikasema, "Si nilikwambia, shemeji? Kainjini kadogo."

Akanishika mkono, analia. "Nisamehe, shem. Ningekusikiliza, tungemkuta mama."

Aniombe msamaha mimi! Nami, bila haya, nikamwambia nimemsamehe.

Juzi mke wangu kasema tena, "Lile gari la kaka ndilo lililoninyima mama." Nikaitikia, nikaendelea kula.

Mafundi wenzangu, msichokijua ulizeni, hata kwa mteja. Na mkikosea semeni siku hiyo hiyo, kabla mliyemkosea hajawaomba msamaha yeye. Akishawaomba, mdomo haufunguki tena.