Zoezi la Ulimi Ukweni

Napuliza klarineti katika bendi ya harusi hapa Chake Chake, lakini ulimi wangu mzito ajabu. Mwalimu wa bendi akanishauri nitamke "ta-ka-ta-ka" upesi upesi kila nipatapo nafasi, ili noti zitoke mbiombio. Basi nikawa nalifanya zoezi hilo kila mahali, hata bila kujijua.

Juzi nilikwenda Ole kumsalimia mama wa mchumba wangu kwa mara ya kwanza. Bi Salma akaniwekea bakuli la bokoboko alilolipika tangu alfajiri. Nikalitazama kwa furaha, na ulimi ukaanza wenyewe: "Takatakatakataka!"

Bi Salma akaganda, mwiko mkononi.

"Si chakula, Bi!" nikaropoka. "Ni ulimi wangu!"

"Naam," akasema, akilivuta bakuli. "Nimeusikia."