Kioo cha Mheshimiwa

Fundi wa maabara ya fizikia, pale chuoni Mbeya, hupumua akiwa amegeuza uso pembeni, maana pumzi yake ikigusa kipande cha kioo anachokiandaa, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Vidole vyake vinene hukishika kingoni tu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Hukipaka rangi nyembamba, akakimulika kwa mwanga wenye mchoro wa miduara, na kioo kikabaki kitupu machoni vilevile. Mchoro huonekana kwenye hadubini tu, anapodondoshea maji yenye dawa ambayo chembe zake hujipanga kuufuata. "Hapo sasa yanatii," humwambia Ruwaida, mwanafunzi ambaye shahada yake inategemea kioo hicho, kwa sauti ya chini kana kwamba maji yanasikia.

Siku ya ugeni, mheshimiwa aliingia na wapigapicha saba, akataka akishike kioo mwenyewe. Fundi akainama, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mheshimiwa akakigeuza, akakifuta kwa tai yake, akatangaza, "Naiona kabisa! Mistari imenyooka kama barabara zetu!" Msafara wake ukalipuka kwa makofi. Fundi naye akapiga, taratibu, uso mkavu.

Walipotoka, Ruwaida alikuwa analengwalengwa na machozi. "Baba, amekiharibu!"

"Kipi, mwanangu?" fundi akauliza, huku akifungua kabati. "Chako hiki hapa. Kile nilikitoa kwenye dirisha la choo."