Niliandika humu kwamba hip hop imekufa, kumbe ni sikio langu la kushoto

Wakuu, nawasalimu kutoka mpakani, Busia na Malaba.

Wanaonifahamu humu wananijua kama yule mzee wa kuponda albamu mpya. Leo sijaja kuponda. Nimekuja na albamu ninazozipenda na ninazosikiliza sasa, na katikati yake kuna kisa cha vile nilipoteza sikio moja na nikakaribia kupoteza mke bila kujua kwamba ninampoteza.

Sitatia chumvi. Mahali nitaonekana mjinga, mjue nilikuwa mjinga kweli.

Kazi yangu ni clearing. Mzigo ukifika mpakani ukielekea Uganda, mimi ndiye nahangaika na makaratasi hadi lori livuke. Siku nyingi niko Malaba, lakini nyumbani ni Busia.

Ni kazi ya simu na kusubiri. Dereva anapiga, tajiri mwenye mzigo anapiga, na katikati ya hizo simu umekaa kando ya foleni ya malori yanayonguruma, unangoja system ya forodha irudi.

Kwa hivyo miaka yote nimekuwa na utaratibu. Sikio la kulia ni la simu. La kushoto ni la hip hop. Earphone moja tu, sauti juu kabisa ili ishinde injini za malori.

Nikifika nyumbani nageuza. Naweka ile ya kulia, ya kushoto inaning'inia kifuani, kwa sababu Mama Favour hukaa kushoto kwangu pale kwenye sofa, karibu na mlango wa jikoni. Namwachia sikio lake. Nilijiona mume mwenye heshima sana.

Haya, albamu.

Namba moja kwangu ni Kengele ya Mwisho ya Watoro wa Darasa. Vijana watatu wa Nakuru, walitoa hiyo moja tu wakapotea. Niliisikia nikiwa sekondari, kwa kanda iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, hadi pumzi za aliyerekodi zilikuwa zinasikika. Kuna wimbo wa mwalimu mkuu anayeuza maharagwe ya shule, na kila mtu aliyesoma boarding huapa kwamba hiyo ni shule yao.

Namba mbili ni ya New York, ya miaka ya tisini. Sitaji jina. Nikiitaja, uzi huu utageuka vita vya East na West na mimi sina nguvu za kuamua ugomvi.

Namba tatu ni ya jamaa wa Tororo hapo ng'ambo, anajiita Emong, jina ambalo mke wangu anasema ni dume la ng'ombe kwa Kiteso. Albamu inaitwa Shamba la Jirani. Nilipewa kwa flash na dereva mmoja Mganda. Anachana kwa Kiteso, akichoka anaingia Kiswahili, akikasirika anaingia Luganda. Mimi ni Mluhya, Kiteso changu ni cha kusalimia wakwe na kuomba maji, lakini zile ngoma hazihitaji mkalimani.

Sasa tuje kwa Risiti.

Mnakumbuka ilipotoka, ile albamu ya rapa Shahidi wa Mombasa. Mlishangilia humu kama harusi. Mimi albamu mpya huwa naipa heshima ya masikio mawili, Jumapili mchana, nimekaa nje peke yangu. Nikaisikiliza yote. Nikaja hapa nikaandika kwamba producer amesahau nusu ya biti studio, kwamba nyimbo ni mifupa mitupu, kwamba hip hop ya Afrika Mashariki imekufa na tunangoja tu mazishi.

Mkaniuliza, na yule dada anayejibizana naye kwenye hook je?

Nikawajibu, dada gani? Hakuna dada. Nikawaambia mnasifu vitu ambavyo havipo kwa sababu mnafuata upepo.

Mtu mmoja akaniambia nimezeeka. Nilimblock.

Mchana, kule Malaba, shida ilikuwa nyingine. Earphone zilikuwa zinakufa mikononi mwangu. Nanunua mpya, nikiweka ya kushoto nasikia sauti kwa mbali, kama redio ya jirani. Nikawa nalaani feki zinazoingizwa nchini. Kujishuku mwenyewe hapana, maana simu nilikuwa naisikia vizuri kabisa. Nani mwenye shida ya masikio anaongea na simu kutwa nzima?

Nyumbani nako kulikuwa kumetulia. Mama Favour alikuwa amepunguza maneno. Zamani tulikuwa tunapiga stori hadi ugali unapoa. Sasa anaweka chakula, anakaa, anaangalia runinga, anaenda kulala. Mimi niliona ni amani. Nakumbuka niliwaambia madereva kwamba ndoa ikikomaa watu hawahitaji kuongea sana. Waliitikia, na wengine wao hata hawajaoa.

Siku moja nilichoka na zile earphone nikazirudisha kwa Yusuf, kijana wa vifaa vya simu pale Busia mjini. Nilikuwa nimeshamrudishia zingine kabla ya hizo. Nilifika nimejaa hasira.

"Boss, wewe unauzia watu takataka," nikamwambia. "Hii ya kushoto imekufa tena."

Yusuf hakubishana. Akaziweka masikioni mwake, akasikiliza, akatikisa kichwa kidogo na biti.

"Mzee, zote zinaimba."

"Haiimbi hiyo."

Akazitoa, akazipangusa na shati. Halafu akachukua ile ya kushoto na kuniwekea sikio la kulia.

Ilikuwa ni Risiti inacheza. Na wakuu, yule dada alikuwepo. Alikuwa anamjibu Shahidi mstari kwa mstari, na alikuwa anaimba vizuri kuliko mwenye albamu. Nyuma yake kulikuwa na gitaa ambalo sikuwahi kulisikia maishani. Kumbe vyote viliwekwa kwenye earphone ya kushoto tu.

"Sasa jaribu hii nyingine," Yusuf akasema, akaitoa hiyo, akaniwekea ile ya kulia upande wa kushoto, akasimama upande huo huo.

Kimya. Niliona tu mdomo wake ukiongea. Ilibidi nigeuze kichwa ndipo nikapata alichokuwa anasema.

"Enda hospitali, mzee. Hiyo dawa mimi siuzi."

Hakucheka. Angecheka ningejisikia nafuu.

Sitawachosha na habari za hospitali. Mahali pa kwanza walinisafisha nta nikatoka nikiwa na matumaini ya bure. Mahali pa pili kulikuwa na daktari wa masikio mwenyewe. Ananiweka kwenye chumba kidogo kimefungwa, ananivisha headphone kubwa, ananipa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Walipofika upande wa kushoto nilikaa pale na kile kitufe nikingoja waanze. Kumbe walikuwa wameshamaliza.

Daktari aliongea polepole, amekaa kulia kwangu. Neva ya kushoto imeisha na hairudi. Kwa makadirio yake ni zaidi ya mwaka imekuwa ikizima. La kulia lipo, lakini nalo limeanza kushuka. Akasema earphone kazini basi, malori nikae nayo mbali au nizibe masikio, na muziki uwe wa spika, sauti ya chini, muda mfupi.

Niliuliza kama nikifuata hayo yote la kulia litabaki. Akasema litachelewa tu kuzima.

Niliogopa, wakuu. Njiani kurudi nilikuwa napanga albamu kichwani, ipi niisikilize sana sasa hivi ili niijue kwa moyo, ipi niiache iende. Nilifika hadi kuanza kuchana verse za Watoro wa Darasa kimoyomoyo nikijipima. Mtu anayepita angedhani nasali.

Nilimkuta Mama Favour kwenye sofa anachambua kunde. Nikakaa mahali pangu pa kawaida, nikageuka kumtazama, nikamweleza yote. Nilitegemea pole. Pengine nilitegemea kubembelezwa kidogo.

Mikono yake ilisimama kwenye kunde.

"La kushoto?" akauliza.

"La kushoto."

"Tangu mwaka jana?"

"Daktari anasema hata zaidi."

Halafu akasema, "Baba Favour, ile siku nilikuambia mimba imetoka, uliniskia?"

Wakuu, mimi sikujua kama kulikuwa na mimba.

Alikuwa ameniambia mara mbili. Ya kwanza kwamba yuko mjamzito, ya pili kwamba imetoka. Zote mbili pale pale kwenye sofa, upande ule wa kushoto, sikio nililomwachia. Macho yake kwenye runinga, kwa sababu si maneno ya kumwambia mtu ukimtazama.

"Na wewe ukatikisa kichwa," akasema. "Mara zote. Nikakwambia mtoto ametoka, ukatikisa kichwa, ukaendelea kutikisa. Nikasema sawa. Kama kwake ni sawa, wacha ikuwe sawa."

Nilikuwa natikisa kichwa kwa biti. Ninyi mnajua kile kichwa. Biti ikiingia huwezi kukizuia, kila mpenzi wa hip hop anacho. Mimi nilikuwa kwenye albamu, na mke wangu aliona jibu.

Akaniambia alikuwa ameshaongea na dada yake wa Amukura. Shule zikifunga, angechukua Favour waende huko, na hakuwa na mpango wa kurudi. Alikuwa anasubiri tu mtihani uishe.

Sikujitetea. Ningesema nini, kwamba ilikuwa albamu nzuri?

Nilimwomba ahamie upande wa kulia aniambie tena, kuanzia mwanzo. Nilidhani atakataa. Halafu akaweka sinia ya kunde chini, akazunguka meza, akakaa upande ambao hajawahi kukaa katika nyumba hiyo.

Akaniambia alivyojua. Alivyofurahi, na alivyongoja nirudi kutoka Malaba. Akaniambia ile asubuhi ilivyoanza kuuma mimi nikiwa nimeshatoka, alivyofunga mlango na kupanda boda boda peke yake hadi hospitali, akarudi jioni akapika, kwa sababu nilikuwa nimepiga simu kusema naja na njaa.

Hiyo simu naikumbuka. Niliskia kila neno.

Nililia. Yeye hakulia, alikuwa amelia zamani.

Hakwenda Amukura. Shule zilifunga zikafunguliwa tena na yupo. Sitawadanganya kwamba kila kitu kimerudi kama zamani. Kuna siku anaanza sentensi anaiacha katikati, na mimi huiulizia.

Ninachosikiliza kwa sasa ni kidogo. Albamu moja kwa siku, kwa spika, sauti ya chini. Najua kuna mtaalamu anakuja kuniambia simu ina setting ya mono, inayounganisha pande zote mbili. Asante, nimeiweka, lakini earphone nimepumzisha.

Shamba la Jirani ndiyo inacheza sana nyumbani, maana Mama Favour ananitafsiria. Zile ngoma nilizokuwa naringa nazo nyingi ni za mtu anayelia shamba la babake kuuzwa. Na mimi nilikuwa nazicheza nikioga.

Risiti nimeisikiliza upya. Ni albamu nzuri. Waliosema kuna dada, kuna dada. Yule niliyemblock nimemfungulia.

Nilichojifunza ni hivi. Ukiona kila kitu kimepungua ladha, earphone, producer, muziki, hata mke, hebu kapime wewe kwanza. Ni rahisi sana kulaumu studio. Na mtu wako akiongea, jibu kwa mdomo. Kichwa kinaweza kuwa kinajibu kitu kingine.

Juzi jioni Emong alikuwa kwenye wimbo wa nne, ninaoupenda kuliko yote, Mama Favour akaniambia nizime kidogo anataka kuniambia kitu. Nikazima. Halikuwa jambo kubwa, ni jirani amenunua mbuzi na mbuzi amekula nguo zetu kwenye kamba. Ilikuwa ndefu, na alikuwa anaipanga vibaya, anarudi nyuma, anasahau majina. Nilimsikiliza hadi mwisho. Halafu nikamwambia aendelee.

Wakuu, uwanja ni wenu. Wekeni albamu zenu hapa chini, pondeni zangu mkitaka. Na kama kuna mwenye sikio kama langu, aniambie lile la pili lilidumu muda gani.