Masharubu Yangu na Masikio ya Binti Yetu

Jumamosi, 17 Julai 1971. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile ya Julai inayomfanya mtu asitamani kutoa mikono mfukoni.

Binti yetu alikuwa na miaka minne na hakuwa akisikia. Hospitalini walituambia hivyo tu, wakatupa pole, nasi tukarudi nayo nyumbani Kawangware bila kujua tuifanyie nini. Siwalaumu. Pengine walieleza zaidi nami sikuelewa, maana nilikuwa tarishi, na Kiingereza changu kilikuwa cha kubeba barua, si cha kuzisoma.

Habari yenyewe aliipata mke wangu pale madukani Adams Arcade, kwa mama mmoja aliyemwona akimgeuza mtoto uso kabla ya kumsemesha.

"Na wewe pia?" yule mama akamuuliza. "Wangu ni kijana."

Ndiyo tukajua kuna mwalimu huko Parklands anayekutana na wazazi kama sisi kila Jumamosi.

Tulikwenda sote watatu, mimi na mashtaka yangu tayari. Mtoto huyu mama yake akisema neno, anatii. Mimi nikisema, ananitazama kama anayetazama ukuta. Nilikuwa nimeshaamua ni dharau, na kwamba mama yake ndiye mwalimu wa dharau hiyo. Nikayasema hayo mbele ya wazazi wote.

Mwalimu, mama wa makamo mwenye sweta, alimgeukia mke wangu. Akamwambia aweke mikono nyuma, aseme bila sauti. Mke wangu akachezesha midomo: vua kofia. Mtoto akavua kofia. Zamu yangu ikafika, nikasema vile vile: vaa kofia. Mtoto akanisogelea, akainama kidogo, akaniangalia kama mtu anayechungulia chini ya kitanda.

"Baba," mwalimu akasema, "huyu anasikia kwa macho. Na wewe umefunga pazia."

Nieleze kwamba masharubu yangu yalikuwa makubwa. Pale ofisini mjini ndiyo yaliyokuwa cheo changu. Wageni walikuwa wakiyainukia kwa heshima, wakidhani mimi ni karani.

"Nikiyapunguza?" nikauliza.

"Punguza mpaka yaishe."

"Ama hiyo masharubu ni ya serikali?" akauliza mama mmoja wa Kikuyu nyuma yangu. "Mzee, kama unaogopa kuirudisha, sema tukusindikize."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ila nilichelewa kidogo.

Nyumbani nilinyoa kwa wembe, mke wangu akinishikia kioo. Alikuwa na haki ya kusema lolote kuhusu ile dharau niliyomsingizia mbele za watu. Alisema tu, "Kumbe una mdomo."

Mtoto aliponiona alijificha nyuma ya gauni la mama yake. Nikachuchumaa, nikamwambia polepole, "Baba." Akaitazama midomo yangu kwa makini, uso ukamchangamka, akanyoosha kidole kwa mama yake.

Mke wangu alicheka hata akaketi. Haki isemwe: mwalimu alikuwa ametuonya kwamba kwa anayesoma midomo, maneno baba na mama hayana tofauti. Ila hakusema nani kati yetu atapewa neno hilo.

Nikajaribu lingine. "Maji."

Alisimama kidogo, kisha akaenda jikoni. Akarudi amekumbatia jagi la kunawia, maji yakimwagikia miguu yake. Tangu azaliwe hakuwa amewahi kuniletea kitu kwa neno langu peke yake. Sitaki kujisifu, huenda aliona nimekunja mikono ya shati. Lakini nilinawa, nikanawa tena, mpaka mke wangu akaniuliza kama nilikuwa nimeshika lami.

Tulikula ugali na mrenda. Mboga hiyo huvutika kama gundi, na miaka yote nilikuwa nikitoka mezani na sehemu yake usoni. Jioni hiyo yote ilifika tumboni.